Bobi na giza la Kibirizi: nilivyompunguzia mbwa wangu kubweka

"Mwanangu, mbwa wako si mbaya, ila hatulali."

Bibi Mwajuma aliniambia hivyo amesimama nje ya geti, ametoka kuswali alfajiri, hakutaka kuingia kwa sababu ya mbwa. Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi, nikarudi ndani nikalia. Mume wangu anafanya kazi ya reli, wiki nzima yuko kati ya Kigoma na Tabora, na mimi na watoto usiku ulinzi wetu ni Bobi. Kumtoa sikutaka. Na nilikuwa naogopa kwamba siku moja mtu aliyechoka kuamshwa angemtegea sumu. Mtaani kwetu mbwa wawili walishakufa hivyo.

Tunakaa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia inayoshuka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Bobi ni mbwa wa kienyeji, wa kahawia, masikio yamesimama, wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Ikifika saa tisa usiku anaanza, na akianza hanyamazi mpaka kunapambazuka.

Nilifanya makosa mengi, na nayasema ili mwenzangu asiyarudie. Nilikuwa nafungua dirisha na kumfokea. Yeye anasikia tu kwamba na mimi nimeamka na ninapiga kelele pamoja naye, basi anaongeza. Nikamfunga mnyororo karibu na geti, eti azoee kuona watu. Mbwa aliyefungwa hawezi kusogelea kitu akakijua wala kukikimbia. Kilichobaki kwake ni mdomo. Watu wakanishauri nimpige. Nilimpiga mara moja kwa ufagio. Alilala chini akajikojolea, akaniangalia, na usiku uliofuata akabweka vilevile. Yale macho sijayasahau.

Kilichonifumbua macho ni ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo Bobi alilala. Mimi nikajua mnyororo umemfundisha adabu, nikamwambia hadi Bibi Mwajuma. Ziwa likafunguliwa, mwezi ukiwa karibu kuwa mpevu, na siku za mwanzo bado kukawa kimya. Mwisho wa Agosti giza liliporudi, na Bobi akarudi na kelele zake zote.

Asiye wa huku nimweleze. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wanaingia ziwani giza likianza, taa inawavuta dagaa juu, nao wanarudi mwaloni karibu na alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu mbele ya mwanga wa mwezi, kwa hiyo siku hizo wengi wanapumzika na kushona nyavu. Wavuvi wenyewe wanasema "kuna giza" wakimaanisha siku za kazi.

Nikachukua daftari la mwanangu la hesabu, nikaanza kuandika. Saa tisa na dakika arobaini: akina mama wanne, ndoo. Saa kumi: pikipiki ya samaki. Saa kumi na robo: mtu mmoja, kandambili. Niliandika mpaka mwisho wa Septemba. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 18, na siku tatu nne kabla na baada yake ukurasa ulikuwa karibu mtupu. Bobi hakuwa anabweka ovyo. Alikuwa anawajibu wachuuzi wanaowahi dagaa, mmoja baada ya mwingine. Na mbwa anasikia milio membamba kupita uwezo wetu. Mimi nasikia ndoo ikiwa getini, yeye ameshaisikia tangu kona ya juu.

Kisha nikajiweka mahali pake. Mtu anakuja, Bobi anabweka, mtu anaondoka. Mchuuzi angeondoka tu, anawahi samaki, lakini Bobi anaona amemfukuza. Kila usiku anashinda mara ishirini. Nani ataacha kazi inayomlipa namna hiyo?

Kabla ya kumfundisha chochote nilimwita afisa mifugo. Alimpima masikio, akamtoa kupe, akamchanja kichaa cha mbwa kwa sababu chanjo ya mwaka ilikuwa imepita. Alinieleza kwamba mbwa mwenye maumivu au aliyeanza kuzeeka na kutosikia vizuri anaweza kubweka sana, na huyo anahitaji tiba. Jambo moja alilisema mara mbili: mbwa akibadilika ghafla, sauti ikakwaruza, mate yakamtoka, akayumba au akawa mkali bila sababu, usimsogelee, toa taarifa haraka. Na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Bobi alikuwa mzima. Nikaondoa mnyororo. Banda lake nikalihamishia nyuma ya jiko, mbali na njia, na nafasi chini ya geti nikaziba kwa bati asione miguu ya wapita njia. Hayo mawili peke yake yalipunguza kelele ndani ya wiki moja. Jioni nikawa natembea naye nusu saa hadi ufukweni, kwa kamba, anukie mitumbwi na nyavu zilizoanikwa, awaone wavuvi mchana wakicheka. Mbwa anayeshinda hana la kufanya, nguvu zake anazitoa usiku.

Kazi yenyewe ilikuwa na ndoo. Nilirekodi kwa simu mlio wa ndoo na kandambili njiani. Mchana, Bobi akiwa ametulia, nacheza ile sauti chini kabisa, na papo hapo nampa dagaa mmoja. Sauti kwanza, dagaa baadaye. Ukigeuza, mbwa hajifunzi kitu. Akibweka ujue umepandisha sauti mapema, rudi nyuma. Siku ya tano niliona jambo ambalo sikulitegemea: ndoo ikilia kwenye simu, Bobi hatazami geti tena, anatazama mkono wangu. Masikio yamelegea, mkia unafagia sakafu. Nilimwita mume wangu kwa simu saa ileile kumweleza.

Giza la Oktoba nikaanza kuamka saa tisa na nusu, nakaa naye kwenye kigoda mlangoni kwa jiko, dagaa kwenye kikombe. Sikumkataza kubweka kabisa, maana mlinzi bubu hanifai. Namwacha abweke mara mbili tatu, ninasema taratibu "Basi, Bobi", namwonjesha harufu ya dagaa puani. Ili anuse inabidi anyamaze. Nahesabu sekunde tatu za kimya, ndipo nampa. Kesho yake tano, halafu kumi. Ukimpa angali anabweka umelipia kelele.

Hilo watoto ndio waliokuwa wakilifanya bila kujua. Wakati wa chakula cha usiku Bobi akibweka, walimtupia tonge la ugali anyamaze. Tukakubaliana hakuna tonge kwa kelele. Siku za kwanza alizidi, kama mtu anayegonga mlango uliokuwa ukifunguliwa kila siku. Siku ya tatu mwanangu wa mwisho akashindwa, akampa, na tukaanza upya, tena kwa taabu zaidi, kwa sababu sasa alijua akivumilia atapata. Baada ya hapo wote tulishikilia, na ndani ya wiki mbili ile ya jioni ikaisha.

Mchuuzi mmoja nilimweleza shida yangu. Akawa akipita anasema "Mwakeye, Bobi!", salamu ya asubuhi ya Kiha, na kumrushia dagaa mmoja juu ya geti. Huyo ndiye wa kwanza ambaye Bobi aliacha kabisa kumbwekea.

Kufika giza la Desemba nilikuwa siamki tena. Nikisikia ndoo, nasikia na Bobi akibweka mara mbili, nasema "Basi" nikiwa kitandani, kimya. Bibi Mwajuma aliniuliza kama nimemtoa mbwa. Nilimwambia yupo. Akasema, "Basi Mungu akuzidishie, mjukuu wangu analala."

Radi bado hatujaiweza. Mvua za masika zikipiga milima ya ng'ambo, Bobi anatetemeka na kulia mpaka inakatika, na hapo dagaa hawali hata umwekee mdomoni. Huyo ana hofu, simwambii "Basi". Namfungulia koridoni, nazima taa, nawasha redio kwa sauti ya chini, na analala amebana mgongo wake kwenye mlango wa chumba changu.