Muziki ulivyokuwa ukimmeza msimulizi, na nilivyotatua

Nilikuwa nahariri filamu ya makala kuhusu historia ya London, na sehemu ya moto mkubwa wa 1666 ikanishinda siku tatu. Msimulizi anaeleza jinsi moto ulivyoanzia kwa mwoka mikate wa Pudding Lane, Septemba 2, ukaja kuteketeza hata kanisa la St Paul's. Chini yake fidla zinalia. Maneno hayasikiki.

Kwanza nikapunguza sauti ya muziki. Nilipofika desibeli 12 chini, maneno yalisikika lakini moto wenyewe ukazimika; ikabaki kama hotuba.

Kisha nikafumba macho, nikasikiliza fidla peke yake. Hapo ndipo nikang'amua zinapogombana na msimulizi. Konsonanti kama s, t na k, zinazofanya neno lieleweke, zina nguvu zaidi kuanzia hezi 2,000 kwenda juu (hezi hupima sauti ilivyo nyembamba au nzito), na ukali wa fidla uko papo hapo. Kwa ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu fulani tu ya sauti, nikapunguza hezi 2,000 hadi 5,000 za muziki kwa desibeli 4 tu. Nafuu kubwa.

Dawa hasa, kwangu, ilikuwa kupanga upya ala. Msimulizi anapoongea, selo, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, inashika nota ndefu za chini. Anapovuta pumzi, fidla zinapanda. Na baada ya kutajwa St Paul's nikaacha sekunde sita bila neno lolote, fidla peke yake juu ya mchoro wa jiji likiwaka.

Nikajaribu kwenye spika ya simu. Kila neno lilisikika.