Kwenda shifti kwa njia ya farasi: maisha yangu bila gari Carrick-on-Suir

Carrick-on-Suir ni kamji kadogo kusini mwa Ireland, watu hata elfu 6 hawafiki, sehemu kubwa iko kaunti ya Tipperary ila ukivuka daraja kwenda Carrickbeg tayari uko Waterford. Nilipata chumba pale maana kodi ilikuwa inavumilika, kazi nikapata nyumba ya kulelea wazee katikati ya Carrick na mji wa Clonmel, sasa ukiangalia kwenye ramani unaona mbona karibu tu, tatizo shifti inaanza saa 2 asubuhi inaisha saa 2 usiku na basi la kulingana na muda huo hakuna, treni ndo kabisaaa, inapita palepale lakini haisimami.

Gari? Leseni ya Tanzania huku hawakubadilishii, unaanza moja kama mtoto wa juzi, mtihani wa nadharia, kibali cha kujifunza, masomo 12 ya lazima na mwalimu, ndo uombe tarehe ya mtihani wa barabarani, na bima ya dereva mgeni usiulize. Kwa hiyo nikawa wa kuomba lifti. Wenzangu wazuri sana lakini nao wana yao, huyu mtoto anaumwa, yule kabadili shifti, unajikuta saa 5 usiku bado unatuma meseji kutafuta wa kukubeba asubuhi.

Dada mmoja wa jikoni ndo akanistua, akasema wewe si unakaa Carrick, kwani ile njia ya mto huijui?

Njia yenyewe inaambaa na mto Suir kutoka Carrick mpaka Clonmel, kilomita 21, leo ni ya waenda kwa miguu na baiskeli ila ilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kitu cha kwanza kilichonishangaza Carrick ni kuona maji yanajaa na kupwa, wakati bahari iko mbali huko chini ya jiji la Waterford. Maji ya bahari yanasukuma mto mpaka pale mjini. Kwa hiyo zamani vyombo vilipanda na maji mpaka Carrick, kuanzia hapo kwenda juu mto ni mfupi wa kina na unakwenda kasi, mzigo unahamishiwa kwenye mashua za chini bapa zinavutwa kwa kamba na farasi wanaotembea ukingoni. Nafaka, makaa ya mawe, kila kitu. Reli ilikuja karne ya 19 lakini farasi waliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ndo nikaelewa kwa nini njia haina milima, farasi anayevuta mashua huwezi kumpandisha kilima, na mimi nisiye na pumzi nikanufaika.

Baiskeli nimeipata kwa mpango wa Cycle to Work, na hapa mlio Ireland msikilize vizuri: mwajiri ndo anailipia dukani, halafu anakukata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, mnaweza kuitandaza mpaka miezi 12. Kikomo ni euro 1,250 kwa baiskeli ya kawaida na 1,500 kwa ya umeme, na unaruhusiwa mara moja kila miaka 4. Helmeti, taa, kufuli, pampu, madigadi, vyote viingize humo humo. Taa usifanye masihara, Desemba jua linachomoza karibu saa 3 kasorobo na saa 10 na robo limeshazama, mtu wa shifti ndefu anakwenda giza anarudi giza na njia haina taa hata moja.

Upepo sasa. Unatoka magharibi, na kazini kwangu ni magharibi, kwa hiyo asubuhi unakupiga usoni mwanzo mwisho, jioni umechoka ndo unakusukuma mgongoni, bora iwe hivyo kuliko kinyume chake. Pancha nazo, wakikata ua wa miiba mashambani miiba inabaki njiani, nikaanza kutembea na viraka na solusheni, kuziba mwenyewe pembeni huku ng'ombe wamejipanga kwenye uzio wananitolea macho.

Kitu ambacho sikukitegemea ni wazee. Pale kazini walikuwa wapole, ila maongezi yanaishia hali ya hewa. Siku nimeingia na helmeti mkononi mzee mmoja akauliza umetoka wapi na hiyo, nikasema Carrick, akakaa wima kabisa kitandani, Kelly! Ndo nikapewa somo. Sean Kelly, bingwa wa mbio za baiskeli, ni wa huku, alibeba mbio za Paris–Nice mara 7 mfululizo 1982 mpaka 1988, na zile za kuzunguka Hispania, Vuelta a España, 1988, uwanja wa katikati ya mji una jina lake. Halafu Sam Bennett naye kakulia Carrick, 2020 akachukua jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya anayeongoza kwa pointi, ambayo Kelly aliichukua mara 4. Kamji kale! Toka siku hiyo kila asubuhi naulizwa nimetumia dakika ngapi, na mimi kumwita mzee wa umri wa babu kwa jina lake tupu kama wanavyotaka wenyewe bado ulimi mzito, kwa hiyo yeye ananiita Kelly mimi namwita kocha.

Kwake ndo nilisikia habari za kiwanda cha ngozi kilichofungwa miaka ya 1980, mji ukayumba. Na ile ngome ya Ormond pale mtoni, Thomas Butler, bwana mkubwa wa enzi hizo, aliiongezea jumba zuri miaka ya 1560, ndani kuna sura za malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza ukutani, ndugu yake Butler huyo, na malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Kocha anasema labda hakupata lifti.

Mvua ikizidi mto unapanda juu ya njia na hapo sijidai, barabara kubwa ya N24 ina malori sitii mguu na baiskeli, narudi kwenye lifti mpaka maji yashuke. Mwenzangu mmoja wa Kerala, India, naye kajaza fomu ya Cycle to Work juzi, ila yeye kasema anataka ya umeme kwa ajili ya ule upepo wa asubuhi, na mimi simlaumu.