Nilivyoitoa chumvi kwenye magogo ya ufukweni kabla ya kuyaingiza bustanini

Tuta langu la kwanza kuzungushiwa magogo ya ufukweni lilipendeza kwa wiki tatu tu. Magogo yalikuwa meupe kama mfupa, yamelainishwa na mawimbi mpaka hayana ncha, nami niliyapanga kando ya miche ya maharage siku ileile niliyoyaleta. Kisha kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, hasa kwenye mstari uliopakana na magogo. Nikadhani ni kiu, nikazidisha kumwagilia. Kumbe kila ndoo niliyomwaga ilikuwa ikiiosha chumvi kutoka kwenye mti na kuishusha mizizini. Mstari ule ukakauka wote, ilhali miche ya katikati ya tuta ilisalimika.

Kila kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Gogo lililoelea muda mrefu limeyanywa maji hayo hadi ndani, na likianikwa juani maji huondoka, chumvi ikabaki. Chumvi ikizidi udongoni, mmea hupata shida ileile ya ukame: mizizi inagusa maji lakini haiwezi kuyavuta. Na maharage ni katika mimea inayoathirika upesi.

Niliyang'oa magogo yote nikaanza upya, safari hii kwa pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Vipande vyembamba, unene wa mkono, nilivizamisha na kuviwekea jiwe juu, kwa sababu vikiachwa vielee upande mmoja hauoshwi. Nilibadilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki tatu hivi, na maji yaliyotoka niliyamwaga mbali na mmea wowote. Magogo makubwa yasiyoingia kwenye pipa niliyainua juu ya mawe, nikayaacha yanyeshewe msimu mzima wa mvua, nikiyageuza kila nilipopita. Mvua inaifanya kazi hii vizuri kuliko mimi, ila inataka subira.

Nitajuaje kwamba chumvi imetoka? Hapo ndipo nilipohangaika zaidi. Njia niliyoishia nayo ni hii: nakata kipande kidogo cha ncha na kukianika juani siku mbili. Mara ya kwanza, kwenye uso uliokatwa, penye vitundu vya nyuzi za mti, ulichomoza unga mweupe mwembamba kama vumbi la chaki. Niliugusa kwa kidole kilicholowa, ukayeyuka. Gogo likarudi majini. Baadaye gogo jingine likaonyesha weupe ambao haukuyeyuka hata nilipousugua. Nilipotazama kwa karibu nikaona ni vijia vya mviringo vilivyopakwa ndani kitu kigumu kama ganda la yai. Hiyo ni kazi ya Teredo, kiumbe wa baharini mwenye umbo la mnyoo lakini ambaye kwa kweli ni jamii ya chaza. Hutoboa mbao na kupaka vijia vyake chokaa. Nje ya maji ya bahari hawezi kuishi, kwa hiyo hatahamia kwenye miti yako ya bustani. Ila gogo alilolitafuna limebaki kama sega la nyuki ndani, na mimi silitumii kubebea uzito. Hilo nalilaza chini liwe ukingo wa tuta.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya mbao zilizopasuliwa kiwandani, zile zinazosukumwa nchi kavu pamoja na magogo. Yenye rangi ya kijani iliyofifia huenda imetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Inayonuka lami sitaki hata kuigusa, na iliyopakwa rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Zote hizo naziacha hukohuko, sembuse kuziweka karibu na mboga. Hata vipande vinavyobaki baada ya kukata sivichomi, kwa kuwa mti wenye chumvi ukiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kuokota naenda baada ya bamvua au dhoruba, wakati maji yamepwa, na nilikwisha kuulizia kama ufukwe ule unaruhusu, maana sehemu nyingine zinalindwa na ni kosa kuondoa hata kijiti. Gogo lililozama nusu mchangani siling'oi. Linazuia mchanga usichukuliwe na upepo, na kuna viumbe waliojihifadhi chini yake. Nachukua yaliyolala juu juu tu, na si mengi.

Kwenye ufundi, mchanga ndio adui. Umejificha ndani ya nyufa na unaua meno ya msumeno kwa dakika chache, kwa hiyo kwanza brashi ya waya, kisha maji, kisha kukausha, ndipo kukata. Natanguliza keekee kabla ya kila skrubu, kwa sababu mti uliokaushwa na jua hupasuka ukilazimishwa. Misumari ya kawaida niliiacha: chumvi iliyosalia huila, na kutu ikachuruzika ikaacha michirizi myeusi kwenye mti mweupe. Sasa natumia skrubu za chuma kisichoshika kutu tu. Ni ghali zaidi, lakini sijalazimika kubadilisha hata moja.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kichanja cha mimea inayotambaa: matawi matano marefu yaliyopinda, yamefungwa pamoja juu, miguu yake imesimama juu ya mawe bapa ili isiozee udongoni wala mchwa wasipande bila kuonekana. Nimekisimamisha kwenye tuta lilelile la kwanza, baada ya kulimwagilia maji mengi ili chumvi ishuke chini, na kulipumzisha msimu mmoja. Maharage yamekipanda mpaka kwenye fundo la juu, na majani ya chini, yale yanayogusa mti kabisa, ni ya kijani hadi ukingoni.