SPF imepita, DMARC imegoma

Ankara tulizotuma kwa barua pepe zilikuwa zinaishia kwenye spamu, na kila mtu analaumu maneno ya ujumbe. Nikafungua vichwa vyake, yale maandishi marefu yaliyofichwa. Mistari ya Received (inayoonyesha seva ambazo barua imepitia) husomwa kutoka chini kwenda juu, maana kila seva hubandika wake juu (ya chini kabisa hata tapeli anaweza kuighushi). Njia ilikuwa safi. Kasoro ilikuwa kwenye Authentication-Results, mstari wa matokeo ya ukaguzi wa mtumaji: spf=pass, dkim=pass, dmarc=fail. Ajabu, eti? SPF, inayoangalia kama seva imeruhusiwa kutuma kwa jina la domeni, ilikagua domeni ya Return-Path (anwani ya kurudishia barua zisizofika), mali ya kampuni inayosambaza barua kwa niaba yetu. Sahihi ya kidijitali ya barua, yaani DKIM, nayo ya hao hao. DMARC inataka angalau moja ya hizo mbili ilingane na domeni ya From, anwani ya mtumaji anayoiona msomaji. Tumewasha DKIM kwa domeni yetu, sasa zinafika.