Siku moja karakanani: kumjengea mtu pa kukalia

Ninapomwambia mtu kwamba ninatengeneza viungo bandia, hunidhania seremala wa miguu. Ningependa aione Jumanne yangu moja katika karakana ya hospitali, kazi niliyoisomea Moshi katika chuo cha TATCOT.

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua mlango, nikarekebisha soketi mbili za chini ya goti, yaani vikombe vya mguu bandia ambavyo mwili huingia ndani yake, na kubadilisha mikanda ya mzee mmoja. Hayo yaliisha kabla ya saa tatu.

Saa tatu aliingia mama mmoja, fundi cherehani, akitembelea magongo na kusindikizwa na shemeji yake. Alikuwa ameugua kondrosakoma, saratani inayoanzia kwenye gegedu, nayo ilikuwa imeota kwenye fupanyonga. Kwa kawaida saratani hiyo haisikii dawa wala mionzi, tegemeo ni upasuaji, na kwake mguu wa kushoto uliondolewa pamoja na nusu ya fupanyonga. Wengi huuona mguu uliopotea. Mimi huangalia kilichopotea juu yake, ule mfupa wa makalio tunaoukalia sote bila kuufikiria, kwa sababu asiyekuwa nao huegemea upande mmoja kila anapokaa, na mgongo hupinda.

Nilitaka kuanza kupima, lakini shemeji alitaka kwanza aelezwe kwa nini mgonjwa wake hakuwekewa nyonga ya titani kama alivyoona kwenye simu. Nilimweleza kwamba nyonga hizo zipo kweli, huchapishwa kwa kufuata picha za CT, zile za eksirei ya kompyuta, za mgonjwa mwenyewe, ila zinafaa pale mguu unapoweza kubaki na mishipa yake mikuu; kwa huyu mama, uvimbe ulikuwa umeuzingira mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mguu ungekuwa tayari kabla ya basi la saa nane. Nikamwambia ni kazi ya siku kadhaa. Akauliza tena, na tena, kana kwamba nilikuwa nimemficha mguu kabatini.

Mama alisimama kwa mguu mmoja akishika vyuma sambamba, nasi tukamzungushia bendeji za plasta kuanzia mbavu za chini, ili kupata umbo la kutengenezea soketi yake. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa kuwa upande ule hauna mfupa wa kubeba uzito, uzito utabebwa na nyama laini za tumbo pamoja na mbavu, kwa hiyo ilinibidi nipige magoti na kulisukuma tumbo juu kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu ya kutosha kumbeba lakini isiyomkata pumzi, nisilegeze hata kidogo mpaka plasta ikauke. Plasta ilikuwa bado laini mama aliposema kizunguzungu kimemshika. Tukaikata, tukamlaza, tukampa maji, tukaanza upya. Mara ya pili mikono yangu ilitetemeka, na shemeji, akiwa nyuma yangu, alikuwa akiuliza saa ngapi. Nilikasirika, sikujibu, niliendelea kusukuma.

Plasta ya pili ilipotoka ikiwa nzima, adhuhuri ilikuwa imepita na sikuweza kunyoosha mgongo. Basi la saa nane liliondoka bila wao.

Nilimwomba mama ale ndipo nimpime tena, maana tumbo lililoshiba si lile la asubuhi, na soketi isiyoweza kulegezwa humtesa mtu kila baada ya mlo. Kiuno kiliongezeka sentimita 3. Nikachora mahali pa mkanda, kisha nikamweleza kuhusu mguu wenyewe: bawaba ya nyonga hukaa mbele ya soketi, muundo uliobuniwa Kanada miaka ya 1950, na kuutembelea kunachosha kuliko magongo, kiasi kwamba wengi huuacha.

Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mwanangu, magongo nimeyazoea. Mimi nataka kukaa kwenye cherehani kutwa nzima.”

Shemeji alitaka kusema neno. Mama akamwinulia mkono.

Basi tutaanza na soketi ya kukalia. Nilikunja taulo chini ya upande wake wa kushoto, nikaongeza moja, nikaongeza nyingine, mpaka mabega yakalingana. Akanyoosha mikono mbele kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano, nami nikachuchumaa na rula kupima kimo cha taulo zile.