Mesaji za "pesa imeingia kwa makosa": namna tulivyozimaliza

Mama mkubwa ana duka Kadutu, Bukavu. Simu yake ilikuwa inapokea mesaji za uongo, "Umepokea dola 50", halafu mtu anapiga akilia kwamba alikosea namba, arudishiwe haraka. Tulizuia namba ile; wakaja na nyingine.

Kilichosaidia ni kuacha kabisa kuamini salio lililoandikwa ndani ya mesaji. Anaifunga, anafungua menyu ya pesa mwenyewe, anaangalia. Salio halijasogea? Hakuna kilichoingia. Jina la mtumaji halitoshi (hili wengi hawalijui): linaweza kuigizwa, mesaji ikajipanga chini ya zile za kweli. Baadaye tuliipelekea kampuni ya simu namba zote.

Sasa anayepiga anaambiwa, "Ngoja kwanza niangalie salio, papa." Wanakata wenyewe.