Una kuli mfukoni?

Nimetoka zamu ya usiku, viatu bado viko miguuni, chai ya tangawizi inapoa mezani na usingizi umenikimbia. Basi niandike.

Asubuhi hii wakati namkabidhi mwenzangu zamu, aliniaga kwa "Schönen Feierabend!" Neno hilo ukilipasua katikati unapata Feier, yaani sherehe, na Abend, yaani jioni. Wajerumani wanalitumia mtu anapomaliza kazi, hata amalize saa ngapi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mgongo unaniuma kwa kugeuza wazee vitandani usiku kucha, na mtu mzima na akili zake ananitakia jioni njema ya sherehe. Nikamjibu "gleichfalls", na wewe pia, kabla sijakumbuka kwamba yeye ndiyo kwanza anavaa sare.

Huu ni mwaka wangu wa nne hapa Leipzig, na bado kuna maneno yananivizia kwenye kona.

La kwanza kuninasa lilikuwa la wiki ile ile niliyoanza mafunzo ya uuguzi. Dada mkuu wa zamu alikuwa anajaza fomu, akapapasa mfuko wake, akanigeukia: "Hast du einen Kuli?" Mimi ni mtoto wa Tanga. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli bandarini, alibeba marobota ya mkonge mpaka mabega yakaota sugu. Sasa mwanamke wa Kijerumani ananiuliza kama nina kuli. Nilipokaa kimya akanionyesha mfuko wangu wa kifuani, labda yumo humo. Marehemu babu hakuwa mtu wa kuingia mfukoni. Kumbe anataka kalamu tu. Kugelschreiber ni neno refu, wamelikata likabaki Kuli, na mimi mpaka leo nikiazima kalamu kazini naona kama namuita babu aje kutia sahihi. (Kuna na popo, lakini hilo naliacha. Kwa Kijerumani cha watoto wadogo, popo ndiyo makalio.)

Kubwa kuliko yote ni saa. Sisi tunahesabu toka jua linapochomoza: saa moja ni saa ya kwanza kwisha, hesabu imefungwa. Wenzetu wanahesabu toka usiku wa manane, na hilo nilishalizoea shuleni kwa sababu ya Kiingereza, unaongeza sita au unatoa sita, maisha yanaendelea. Ila Mjerumani hasemi mbili na nusu. Anasema halb drei, nusu tatu, na anakusudia saa nane na nusu. Kwake yeye saa ya tatu imeshaanza kujaa na imefika nusu. Halafu Mwingereza naye anapenda mkato, atakuambia half three, nusu tatu vilevile neno kwa neno, lakini yake ni saa tisa na nusu. Na ukimwambia mtu wa kwetu aliyezubaa "nusu, tatu", atakuja saa tatu na nusu. Watu watatu wamepeana miadi kwa maneno yale yale mawili, na hakuna atakayemkuta mwenzake.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mambo. Sikujua kwamba huku mashariki mwa Ujerumani wamekwenda mbele zaidi. Saa nane na robo wanaiita Viertel drei, robo tatu, na saa tisa kasorobo ni drei Viertel drei, tatu robo tatu. Wajerumani wa magharibi wengi hawaisemi hivyo, na wapo wanaokuja huku wakachanganyikiwa kama mimi, jambo ambalo linanifariji sana.

Mkufunzi wangu aliniambia nifike kesho yake "drei Viertel sechs". Nikasikia tatu, robo, sita. Ile tatu nikaona haina kazi, nikaitupa, nikabaki na robo na sita, nikaandika kwenye daftari: saa kumi na mbili na robo. Nilifika dakika tano kabla, najisifu moyoni kwa kuwahi kama Mjerumani, nikakuta makabidhiano yameshakwisha na watu wanakunja karatasi. Walikuwa wamenisubiri toka saa kumi na mbili kasorobo.

Mkufunzi hakukasirika. Alichukua karatasi akachora keki, akaikata vipande vinne. "Hii ni keki ya sita. Tumekula vipande vitatu. Tatu robo sita." Nikamwambia kwetu keki ambayo haijaisha haiitwi kwa jina lake. Akacheka, akauliza basi ninyi mnasemaje. Nikamwambia: kumi na mbili kasorobo. Akaangalia saa ya ukutani, mshale uko kwenye sita, akaniangalia mimi. "Kumi na mbili imetoka wapi?"

Nikaanza kueleza habari ya jua linavyochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, hata saa ya mkononi huihitaji. Ilikuwa Desemba. Nje kulikuwa giza totoro, na jua la siku hiyo lingetoka saa mbili likazama saa kumi. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Na kiangazi ni kinyume chake: saa tatu usiku jua linakupiga usoni, na mimi kwenye simu naiambia familia "huku sasa ni usiku" huku nimefumba jicho moja kwa mwanga.

Lakini saa ni saa, unachelewa, unaomba radhi. Neno lililonitoa jasho kweli ni dogo kuliko yote, Ja, yaani ndiyo, na mwenzake Nein, hapana.

Kuna bibi wa ghorofa ya pili anayetiwa matone ya macho asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza ule, mwenzangu akapita na toroli la dawa, akaniuliza juu juu bila kusimama: hukumtia matone? Nikasema "Ja". Kichwani mwangu nilikuwa nimemjibu vizuri kabisa: ndiyo, ni kama unavyosema, sikumtia. Yeye akasikia ndiyo, ameshatiwa, akaweka alama kwenye fomu na toroli likaendelea. Adhuhuri bibi mwenyewe akauliza kama macho yake leo tumeyapa likizo.

Mkuu wa zamu akaniita pembeni. Akaniuliza taratibu, kila neno peke yake: "Hukumtia matone?" Nami kwa woga nikatoa jibu lile lile: "Ja." Akavuta pumzi. "Ja umemtia, au Ja hukumtia?" "Ja," nikasema, "sikumtia." "Basi Nein." "Nein, sikumtia?" "Ja." Tukawa tunatazamana kama watu waliobanwa mlango mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani nimeliona linapovunjikia. Mtu akiniuliza "hukwenda sokoni?", mimi namjibu yeye. Nikisema ndiyo, namkubalia maneno yake, kweli sikwenda. Mjerumani hamjibu muulizaji, anajibu soko. Je, mtu alifika sokoni? Hakufika, basi Nein. Na kama nilikwenda, Ja peke yake haitoshi, inabidi neno jingine, doch, ambalo kazi yake ni kukanusha ule ukanusho: la, nilikwenda, nawe usinizulie. Kiingereza kina mtego ule ule ila hakina hata hiyo doch ya kukuokoa. Mwalimu wetu sekondari alilipigia kelele miaka minne, likaingia sikio hili likatokea lile. Sisi tunalo "bado", ambalo kwa maoni yangu ndilo neno lenye adabu kuliko yote duniani. Hujaolewa? Bado. Hujafa? Bado. Hakuna anayekatwa, mlango umeachwa wazi. Laiti yule mwenzangu angeuliza "bado hujamtia", labda macho ya bibi yangepona siku ile.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenipa zawadi. Siku moja alikuwa anamlipa msusi anayepita vyumbani, anahesabu sarafu juu ya shuka, akasema amemlipa "auf Heller und Pfennig", yaani yote, bila kupunguza. Nikashtuka kama niliyeitwa jina langu la nyumbani. Heller ndiyo hela. Wajerumani walipokuwa Tanganyika, toka mwaka 1904 rupia yao iligawanywa heller 100, na za mwisho zilipigwa Tabora mwaka 1916 wakati vita vimeshawafungia bahari. Wao wenyewe wakaja kuiacha sarafu hiyo, imebaki kwenye methali na midomo ya vikongwe. Sisi bado tunaidai, tunaikopa, tunaililia mwisho wa mwezi. Nikamweleza bibi kwamba kwetu hata noti ya shilingi elfu kumi ni hela. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mtuletee."

Kiingereza nakisema na mwenzangu wa Ghana, na kati yetu hakuna shida kwa sababu wote tulijifunzia darasani. Shida ni Waingereza wenyewe. Kuna mzee mmoja hapa ambaye mkwewe ni Mwingereza, huja kila baada ya miezi kadhaa. Mara ya kwanza alichungulia ofisini akasema "I'm afraid he's asleep." Nikainuka mbio. Anaogopa nini? Mzee kalala tu, anakoroma. Kumbe ni adabu yao tu ya kusema samahani. Ukimuuliza hali, "not too bad", si mbaya sana, na siku hiyo ndiyo amefurahi kupita kiasi. Halafu kengele ya simu yake ikilia anasema "went off", na taa zikizimika napo "went off". Kitu kimoja kimeanza, kingine kimekoma, neno lile lile.

Nilikuwa nalicheka hilo mpaka nilipoanza mazoezi ya udereva, nikakutana na umfahren. Imeandikwa namna moja. Ukikaza mwanzo wa neno, maana yake ni kumgonga mtu ukamlaza chini. Ukikaza katikati, ni kumzunguka usimguse. Mwalimu wa gari akikuambia kuhusu mwendesha baiskeli aliye mbele yako, omba Mungu umesikia vizuri. Nilipomlalamikia mwenzangu wa Ghana alisema lugha gani ya kichaa inaweka uhai wa mtu kwenye mkazo wa sauti. Nikakubali kwa moyo wote, nikafika nyumbani, nikakumbuka barabara. Kaza silabi ya tatu, ni njia ya magari. Kaza ya pili, ni sawasawa kabisa. Sikumpigia simu kumwambia.

Maana hapo ndipo napopata taabu siku hizi. Kuna muuguzi Mjerumani hapa kazini amekata tiketi ya kwenda Zanzibar, anataka nimfundishe Kiswahili wakati wa mapumziko. Nilijiandaa kumlipizia kisasi. Nilianza na kijiko, uma na kisu, nikamuuliza kwa nini kwao kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si mume wala mke. Na das Mädchen, msichana mzima mwenye hereni, vipi awekwe kundi moja na kisu? Akasema ni kile kimkia cha -chen, kila kilichofanywa kidogo kinapoteza jinsia. Nikasema upuuzi. Akafungua daftari lake, akanisomea alichokinukuu wiki iliyopita kutoka kwangu: "Kitoto kimelala." Mtoto amelala, kitoto kimelala, kama kitanda, kama kiatu.

Akaendelea, maana ukimpa Mjerumani uzi atauvuta mpaka shati liishe. Kwa nini mama mzuri, lakini si mama wangu? Kwa nini kijana mzuri, kitanda kizuri? Na mbona jana nilimwambia "nasikia harufu ya kahawa", je, masikio yetu yako puani? Nikamwambia tunasikia pia njaa, na baridi tunaiona. Aliliandika hilo taratibu, akalipigia mstari mara mbili.

Simu imeita hapa katikati, nimekwenda nimerudi. Ni mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama," nikamjibu, mimi ambaye sijalaza ubavu toka jana mchana.

Sauti ikanisaliti. "Hukulala?"

"Hapana."

"Haya, alhamdulillahi. Maana juzi ulinitia wasiwasi, ukaniambia hukupata hata lepe." Akaanza kunieleza habari za mbuzi wa jirani walioingia kwenye mchicha wake, wawili, na yule mwenyewe anadai si wake. Walikuwa wameshatimuliwa hadi uani kwa watu nilipoelewa nilichokuwa nimemjibu. Nimemuacha amalize habari ya mbuzi.